Wauguzi Wetu wa Marekani na Masomo ya Utabibu wa Familia
Sehemu ya Pili: Kuchagua Chuo cha Intaneti na Kupeleka Maombi

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza njia anayopita muuguzi aliyefunzwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mpaka akapewa leseni ya uuguzi nchini Marekani: nakala za matokeo yake kukaguliwa, baraza la wauguzi la nchi alikotoka kuthibitisha jina lake, mtihani wa lugha, na mwisho mtihani wa NCLEX, ambao ndio mlango wa wadi. Leo tunapanda daraja la juu yake, ambalo wengi wa ndugu zetu wanaofanya kazi katika hospitali za Minneapolis, Dallas, Atlanta na Lowell wamelikusudia, nalo ni daraja la muuguzi mtabibu wa familia, yule ambaye Wamarekani humwita kwa herufi tatu za FNP.

Aghalabu muuguzi huyo ni mtu mzima mwenye watoto, mwenye zamu za usiku, na mwenye wazazi nyumbani wanaotazamia fedha kila mwezi. Hana wasaa wa kuacha kazi akaketi darasani, na kwa sababu hiyo vyuo vinavyofundisha kwa intaneti vimekuwa kwake rehema kubwa. Neno tunalotaka kumwambia ni moja, na mengine yote yatalizunguka hilo. Masomo haya, hata yakitangazwa kuwa ya intaneti kutoka mwanzo hadi mwisho, husomwa kwa intaneti sehemu tu. Sehemu iliyobaki, iliyo nzito zaidi, husomwa kwa mikono, mbele ya mgonjwa, chini ya jicho la mwalimu aliye hai, na ndani ya jimbo lenye sheria zake. Basi mwenye busara huuliza kwanza habari za mwalimu huyo na za jimbo hilo, kisha ndipo akauliza karo na muda.

Asili ya kazi hii

Kazi yenyewe si kongwe. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi wa afya ya jamii Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walitambua kuwa watoto wengi wa mashamba na wa mitaa ya mafukara hawapati kuonwa na daktari, ilhali muuguzi yu karibu nao siku zote. Wakaanzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kupima, kutambua maradhi na kutibu. Bibi Ford alijaliwa umri mrefu, akafariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, baada ya kuiona mbegu yake ikienea katika kila jimbo la nchi ile.

Elimu ya masafa nayo ina historia yenye mafunzo. Huko Kentucky, mwaka 1925, Mary Breckinridge, mama aliyefiwa na watoto wake wawili, alianzisha huduma ya wauguzi wakunga waliopanda farasi kuvuka vijito na mabonde ya milima ya Appalachia ili kuwazalisha wanawake majumbani mwao. Kutokana na huduma hiyo kilizaliwa chuo ambacho leo huitwa Frontier Nursing University, kilichoanza kufundisha uuguzi wa utabibu wa familia mwaka 1970, na mwaka 1989 kikaanzisha mpango wa kufundisha ukunga kwa masafa, mwanafunzi akibaki katika jamii yake. Ndugu msomaji na aliangalie jambo hili vizuri: maana ya kusomea mbali, tangu asili yake, ilikuwa kumwacha muuguzi abaki karibu na wagonjwa wake. Chuo cha intaneti kinachomsahau mwanafunzi huko aliko, kikamtumia vitabu na mitihani tu, kimeshika umbo la elimu hii na kuiacha roho yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataifahamu kazi ya muuguzi mtabibu akimfikiria afisa tabibu wa zahanati na vituo vyetu vya afya: huketi na mgonjwa, humsikiliza, humpima, huagiza vipimo vya maabara, huutaja ugonjwa na huandika dawa. Kwa mapatano ya mwaka 2008 yanayofuatwa na vyuo na bodi za Marekani, muuguzi mtabibu hufunzwa kwa kundi maalumu la watu, na makundi hayo ni sita: familia ya rika zote, watu wazima na wazee, watoto, watoto wachanga wanaozaliwa na maradhi, afya ya wanawake, na maradhi ya akili. Cheti cha familia ni kipana, kwa kuwa humpa mwenye nacho ruhusa ya kumtibu mtoto wa wiki mbili na bibi yake wa miaka 90 siku moja. Lakini upana huo ni wa kliniki ya kawaida. Muuguzi ambaye moyo wake uko katika chumba cha wagonjwa mahututi, au anayetaka kuwahudumia wenye maradhi ya akili, ana mlango wake mwingine, na itamgharimu miaka na fedha kuutafuta baada ya kwisha kuingia huu.

Ithibati na jimbo

Jambo la kwanza la kuuliza ni ithibati. Huko Marekani ithibati ni za namna mbili: ya chuo kizima, na ya programu ya uuguzi yenyewe. Mwombaji anazihitaji zote mbili. Hiyo ya pili hutolewa na vyombo kama CCNE na ACEN, na orodha zao zi wazi kwa kila mtu, wala hapana haja ya kulitegemea neno la wakala wa chuo anayepiga simu kwa sauti ya upole. Bodi mbili zinazowatahini watabibu wa familia, AANPCB na ANCC, hazimpokei mtu aliyehitimu programu isiyo na ithibati. Pasipo mtihani hapana leseni, na pasipo leseni shahada hubaki pambo la ukutani. Mnamo Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka juu ya vyeti na nakala za matokeo ya uuguzi bandia zaidi ya 7,600 zilizouzwa kupitia shule tatu za Florida. Njia ya mkato iliyo rahisi mno yafaa iogopwe, hasa na sisi wageni, ambao jina likishachafuka hatuna ukoo mkubwa wa kulisafisha.

Jambo la pili ni jimbo. Leseni ya muuguzi wa kawaida huweza kuvuka mipaka kwa mkataba ulioingiwa na majimbo mengi, lakini leseni ya muuguzi mtabibu kila jimbo hutoa yake, kwa masharti yake. Chuo kilichoko Ohio chaweza kuwa kizuri kweli kweli, na bado kikawa hakina idhini ya kumweka mwanafunzi kliniki katika jimbo analokaa yeye. Majimbo kama New York na Washington yana taratibu zake za kuvichunguza vyuo vya nje kabla wanafunzi wao hawajamgusa mgonjwa. Kanuni ya serikali kuu iliyoanza Julai 2024 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za msaada wa wanafunzi vihakikishe kuwa programu zinazoelekea leseni zinakidhi masharti ya jimbo la mwanafunzi. Mwombaji na aliombe hakikisho hilo kwa maandishi, alilinganishe na maneno ya Bodi ya Uuguzi ya jimbo lake. Na kama anatazamia kuhama kabla ya kuhitimu, aulize habari za jimbo la pili pia, kwani wapo waliohama katikati ya masomo wakamfuata mume au kazi, kisha wakaambiwa kuwa huko walikohamia chuo chao hakina ruhusa.

Sheria ya jimbo huamua vilevile ukubwa wa kazi utakayoifanya baada ya kuhitimu. Huko Minnesota muuguzi mtabibu, akishatimiza saa 2,080 za mwanzo akishirikiana na wenye uzoefu, hufanya kazi kwa mamlaka yake mwenyewe. Huko Texas, ambako jamaa zetu ni wengi, hawezi kuandika dawa bila ya mapatano maalumu na daktari. Tofauti hii hugusa mshahara, hugusa uwezekano wa kufungua kliniki yako, na hugusa hata utulivu wa nafsi. Yafaa mtu aijue kabla ya kulipa ada ya maombi.

Saa za kliniki

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka kila mwanafunzi wa utabibu wa aina hii atimize saa zisizopungua 750 za kuwahudumia wagonjwa ana kwa ana, ambapo kipimo cha zamani kilikuwa saa 500. Tuzipige hesabu saa hizo. Mwanafunzi akienda kliniki siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, atahitaji wiki 47, yaani karibu mwaka mzima, wala hatalipwa chochote. Naye ana zamu zake tatu za saa kumi na mbili hospitalini, ana masomo ya upimaji wa mwili, maradhi na dawa, na ana nyumba. Tangazo la chuo husema kuwa darasa litamfuata popote alipo na saa yoyote. Kliniki haimfuati mtu. Hufunguliwa asubuhi na hufungwa jioni, katika siku za kazi, na mwanafunzi ndiye anayeifuata.

Tena saa hizo hazihesabiki bila ya mwalimu wa kliniki, naye ni muuguzi mtabibu au daktari mwenye leseni anayekubali kumweka mwanafunzi pembeni yake miezi kadhaa, akamsikiliza anavyomhoji mgonjwa, akamsahihisha, akatia saini. Ni nani atakayemtafuta mwalimu huyo? Hapa ndipo vyuo vinapotengana kama maji na mafuta. Viko vyuo vilivyo na watumishi ambao kazi yao ni hiyo tu, wanaompangia mwanafunzi mahali mapema. Na viko vingine vinavyomwachia mwanafunzi mzigo wote, vikamtaka aandike barua, apige simu, abishe hodi kwa wasiomjua. Mzaliwa wa mji ule, ambaye shangazi yake ni daktari na aliyesoma na mwenye kliniki, huenda akapata kwa siku mbili. Mgeni hupiga simu wakati wa mapumziko ya zamu, akaambiwa na karani kuwa daktari ana wanafunzi wawili tayari, akapiga ya pili akaambiwa aandike barua pepe, akaandika na asijibiwe; muhula ukaanza na yeye hana mahali, akalazimika kuahirisha masomo huku mkopo ukiendelea kuhesabiwa. Wako mawakala wanaouza nafasi hizo kwa maelfu ya dola, na mwenye kushikwa na dhiki hununua.

Kwa hiyo swali hili halifai kuulizwa kwa jumla, kwa kuwa likiulizwa kwa jumla hujibiwa kwa jumla. Chuo kikisema kinasaidia kutafuta mwalimu, mwombaji na aulize: kusaidia ni kuniletea jina la mwalimu aliyekwisha kukubali, au ni kunipa orodha ya kliniki nizipigie mwenyewe? Nikikosa mahali, nitatozwa karo ya muhula huo? Mwalimu wa chuo atakuja kunitazama kliniki, au atanitazama kwa kamera, au hatanitazama kabisa? Wanafunzi wangapi wa mwaka jana waliahirisha kwa kukosa mahali? Awatafute pia wahitimu wawili watatu wa jimbo lake mwenyewe, na jumuiya zetu za makanisa, misikiti na vyama vya wazalendo hazikosi watu hao, akawaulize mambo hayo hayo faraghani. Maneno ya mhitimu mmoja aliyesoma huku akikaa mtaa mmoja nawe yana uzito kuliko picha zote za tangazo.

Vyuo vingi huwaita wanafunzi wao chuoni kwa siku chache, mara moja au mara mbili, na kuna waombaji wanaozikimbia programu hizo kwa sababu ya nauli. Tungewanasihi wasizikimbie. Katika siku hizo mwanafunzi hushika kifaa cha kutazamia sikio akajifunza kwamba sikio la mtu mzima huvutwa juu na nyuma, na la mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma, ili njia yake inyooke na ngoma ya sikio ionekane. Hushona jeraha juu ya ngozi ya bandia mpaka mkono utulie. Hufanya uchunguzi wa uke mbele ya mwalimu anayemrekebisha namna ya kushika kifaa na namna ya kusema na mwanamke aliyelala pale. Mambo hayo mtu hutazama filamu zake mara nyingi akadhani ameyajua, na mkono wake ukija kuyafanya ukamwonyesha kuwa bado. Usione vyaelea, vimeundwa.

Karo, mikopo na viza

Karo huhesabiwa kwa vitengo vya masomo, na bei ya kitengo hutofautiana sana baina ya chuo na chuo. Tuseme programu ina vitengo 48, na kila kimoja ni dola 700: hiyo ni dola 33,600, kabla ya ada za kila muhula, vitabu, bima, chanjo, nauli na mtihani wa mwisho. Mwombaji na aombe hesabu kamili ya programu nzima kwa maandishi, aulize kama karo hupanda kila mwaka, kisha ajumlishe na mshahara atakaoukosa katika miezi ya kliniki, kwani wengi hupunguza zamu wakati huo.

Upande wa mikopo, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeufuta ule mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa watakaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, nao ndio uliokuwa ukiziba pengo lote la gharama. Mwenye kuanza sasa na aulize ofisi ya fedha ya chuo kiwango chake ni kipi kabla hajatia saini, asije akafika mwaka wa pili fedha zikamwishia njiani. Zipo vilevile fadhila za serikali kuu: mpango wa Nurse Corps hutoa ufadhili kwa raia na wakaazi wa kudumu wanaokubali kutumikia mahali penye upungufu, na National Health Service Corps huwasaidia raia kulipa madeni yao kwa kazi ya miaka miwili katika maeneo ya namna hiyo. Hospitali nyingi nazo huwalipia wafanyakazi wao sehemu ya karo, na ni ajabu wangapi hufanya kazi humo miaka na miaka pasipo kuuliza.

Neno moja kwa walio na viza ya mwanafunzi. Kanuni za uhamiaji humhesabia mwenye viza hiyo somo moja tu la intaneti kwa muhula katika mzigo wake wa lazima. Hivyo programu iliyo ya intaneti yote haiwezi kumlindia viza yake, na yeyote atakayemwambia vinginevyo anamtia hatarini.

Kupeleka maombi

Mwombaji akishachagua vyuo viwili au vitatu, na aanze mapema kuliko anavyodhani inafaa. Vyuo vingi hutaka leseni safi ya uuguzi, shahada ya kwanza ya uuguzi, wastani wa alama usiopungua 3.0 katika kipimo cha 4.0, barua za wadhamini, na barua ya nia. Aliyehitimu stashahada katika chuo cha utabibu cha KMTC huko Kenya au katika chuo cha namna hiyo, na hajapata shahada ya kwanza, atahitaji daraja la kumvusha, nalo hupatikana kwa intaneti vilevile. Nakala za matokeo kutoka nyumbani ndizo zinazochelewesha watu zaidi ya jambo lolote, kwa kuwa hutakiwa zitoke chuoni moja kwa moja, zimefungwa kwa muhuri, ziende kwa wakaguzi. Mwenye ndugu Nairobi au Dodoma amtume aende kwa miguu yake mpaka ofisi ya msajili, kwani barua pepe huko hukaa bila kufunguliwa.

Wadhamini na wawe watu waliouona mkono wako ukifanya kazi: msimamizi wa wadi, muuguzi mtabibu uliyefanya naye kazi, mwalimu aliyekufundisha. Barua ya mkubwa asiyekujua, hata akiwa na cheo kirefu, husomeka tupu.

Barua ya nia ndiyo inayowashinda wengi, na kuwashinda kwake kunatokana na adabu zetu njema, maana tumelelewa kutojisifu. Matokeo yake mtu huandika kwamba tangu utotoni alipenda kuwasaidia watu, na mamia wengine wamekwisha kuandika hivyo hivyo. Mwambie msomaji wa barua yako jambo uliloliona kwa macho yako. Andika, kwa mfano, juu ya mzee mwenye kisukari aliyelazwa mara tatu katika wadi yako kwa sukari kupanda, ukamkalia kitandani ukamuuliza anavyotumia dawa yake, akakuambia kuwa huigawanya nusu nusu ili imfikishe mwisho wa mwezi, na hapana mtu aliyekuwa amemuuliza kabla. Kisha ueleze ungalimfanyia nini lau ungalikuwa na mamlaka ya kumwona kliniki kabla hajafika wadini. Usitaje jina lake wala hospitali, kwani siri ya mgonjwa ni amana. Maelezo hayo yanaonyesha akili ya mtabibu inayotafuta chanzo, na hicho ndicho wanachokitafuta wanaochagua. Na lugha zako uzitaje bila haya: muuguzi anayeweza kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili katika mji uliopokea wakimbizi wa Kongo na Burundi ana kitu ambacho kliniki ya mji huo inakihitaji sana.

Kwa muhtasari, kabla ya kulipa hata senti moja, pata majibu ya maandishi kwa maswali manne: je, programu ina ithibati yake yenyewe, je, inakubaliwa na jimbo nitakalofanyia kazi, je, ni nani atakayenipatia mwalimu wa kliniki, na je, gharama yote hadi siku ya kuhitimu ni kiasi gani? Chuo kitakachokujibu yote manne waziwazi kinastahili kukufundisha, hata kama jina lake halivumi. Kitakachokwepa lile la tatu kiache, kwa sababu siku utakapofunga mlango wa chumba cha kliniki, ukabaki wewe na mama aliyempakata mtoto mwenye homa, utategemea yale ambayo mwalimu mmoja alisimama karibu nawe akakuonyesha. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaeleza mtihani wa bodi, tofauti ya vyeti vyake viwili, na mwaka wa kwanza wa kazi.